Demensia haianzi Jumamosi

"Daktari, mama amebadilika tangu Jumamosi." Aliyeniambia hivyo alikuwa mwanamume wa makamo, amemshika mama yake mkono, macho yake mwenyewe mekundu kwa kukesha. Mama yule alikuwa na demensia, mwaka wa tatu sasa. Alikuwa mtu wa kusahau: anauliza jambo moja mara kumi, anatafuta upawa alioushika mkononi. Lakini alikuwa mpole. Jumamosi jioni mjukuu alimpelekea uji, naye bibi akampiga mjukuu kofi. Usiku ule hakulala, akawa analia kwamba mke wa mwanawe anamtilia sumu. Jumapili wakaenda duka la dawa, wakapewa vidonge vya usingizi. Jumatatu alilala kutwa nzima, hakula wala hakunywa maji. Jumanne akaamka mkali kuliko awali. Jumatano wakafika kwangu, na ombi la mtoto lilikuwa moja tu: dawa yenye nguvu zaidi.

Katika maelezo yake yote, neno lililonishika ni "Jumamosi". Demensia haianzi Jumamosi. Kwa kawaida huula ubongo polepole kama mchwa kwenye boriti, na ndugu wengi hawawezi kutaja hata mwaka ilipoingia. Badiliko lenye siku na saa lina kisa chake, na mara nyingi kisa hicho kiko mwilini. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mzee mwenye demensia akigeuka ghafla, akawa mkali, mwenye shuku, mwenye kuona watu wasiokuwapo, au akazubaa tu asiitike, tumhesabu kuwa mgonjwa wa mwili hadi ithibitike vingine. Na hata ule ukali unaokuja taratibu, usio na tarehe, sehemu yake kubwa haitokani na tabia ya mtu. Unatokana na ubongo ambao ulinzi wake wenyewe umewaka na haujui kuzima.

Hapa neno lenyewe limetukwaza. Tumezoea kuita hali hii "uvimbe", na kila ninapoitaja familia inauliza operesheni ni lini, kwa kuwa wanafikiria kitu kilichoota kichwani. Ninachokisema ni kingine, na nitakiita inflamesheni ili tusichanganye. Aliyewahi kuchomwa na mwiba anaijua: mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma. Mwili umetuma seli za kinga, na seli hizo zinaitana kwa kemikali. Ndani ya ubongo mambo hayohayo hutokea bila jipu la kushika na bila wekundu wa kuona, na hata bila maumivu, maana nyama ya ubongo yenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Kinachoonekana nje ni kazi ya ubongo kuvurugika: usingizi, makini, hamu, hasira, imani juu ya watu wa karibu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Aliyekulia katika nchi za malaria amewahi kumwona mtu anaweweseka. Mtoto ana homa kali, usiku anazungumza na asiyekuwapo, anamsukuma mama yake kana kwamba hamjui. Hakuna anayesema mtoto ameharibika tabia. Tunashika paji la uso, tunatafuta kipimo, tunakimbia kituo cha afya. Kwa mtoto tunajua kabisa kwamba ugonjwa wa mwili hupanda kichwani na kugeuka maneno na matendo. Akifanya hivyohivyo bibi yake tunasema ni uzee, au tunasema mengine mabaya zaidi. Ninasikitika sana kuandika hivi, kwa sababu elimu tunayoihitaji tayari tunayo. Tumewanyima wazee tu.

Tangu elimu ya UKIMWI ilipotufikia tumezoea kuambiwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Ubongo una askari wake wa ndani, maikroglia, waliotambuliwa na kupewa jina na mwanasayansi wa Hispania, Pío del Río-Hortega, mwaka 1919. Kila seli ya maikroglia ina matawi membamba yasiyotulia, yanayopapasa eneo linaloizunguka usiku na mchana. Ikikuta uchafu huula. Ikikuta maungio ya neva yasiyohitajika huyapunguza. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha demensia, protini ya amiloidi hurundikana nje ya seli za neva, na nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake. Maikroglia huyazingira marundo yale na kuanza kuyala. Mwanzoni hiyo ni kazi njema. Lakini rundo haliishi, na askari aliyekaa lindoni miaka kumi bila kupokewa hachagui tena vizuri wa kumpiga. Maikroglia waliochoka hivyo humwaga saitokini, kemikali za kuitia vita, na huanza kukata hata maungio ya neva yaliyo mazima. Mwaka 2013 timu mbili za watafiti zilitangaza kwamba hitilafu moja katika jeni ya TREM2, inayofanya kazi kwenye seli hizi, huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara tatu. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kwamba inflamesheni ni vumbi tu la nyumba inayobomoka.

Saitokini zinageukaje hasira? Njia moja tunaijua vizuri. Serotonini, kemikali inayotuliza hisia, hutengenezwa kutokana na triptofani tunayoipata kwenye maharage, mayai na samaki. Saitokini huamsha kimeng'enya kinachoichepusha triptofani kwenda njia nyingine, na baadhi ya mazao ya njia hiyo huzichokoza neva kupita kiasi. Ushahidi ulio wazi kabisa kwa binadamu ulitoka mahali ambapo wengi hawakuutarajia, kwenye tiba ya homa ya ini aina C. Kabla ya vidonge vya sasa, wagonjwa walichomwa sindano za intaferoni alfa kwa miezi mingi, na intaferoni ni moja ya kemikali hizihizi za kinga. Takriban robo yao walipata sonona, na wengi wakawa na hasira za karibu, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuugua akili maishani. Walitiwa inflamesheni kwa sindano, na hisia zao zikabadilika.

Sasa chukua ubongo wa mzee ambao maikroglia wake wamesimama na silaha mkononi kwa miaka, kisha mwili wake upate nimonia, au kidonda cha mgongo, au jino lioze. Habari za maambukizi hufika ubongoni kwa damu na kwa neva ya vagasi, ile ndefu itokayo kichwani hadi tumboni. Kwa mtu mzima mwenye afya, habari hiyo humfanya ajilaze, asitake kula, asitake maongezi, kisha apone. Watafiti Hugh Perry wa Southampton na Colm Cunningham wa Dublin walionyesha kwa panya kwamba ubongo ulioanza kuharibika haujibu hivyo. Askari wake huwa wameshatonywa, na kichocheo kidogo tu kutoka mwilini huwafanya walipuke. Mwaka 2009 Clive Holmes na wenzake, pia wa Southampton, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 300 wenye Alzheimer kwa miezi 6. Waliopata maambukizi au majeraha walipoteza uwezo wa akili kwa kasi mara mbili ya wenzao. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba wagonjwa wenye saitokini nyingi zaidi kwenye damu ndio pia waliokuwa na uzito wa moyo, wasiwasi, uzubavu na fadhaa nyingi zaidi.

Kuna utafiti wa karibuni ninaoupenda kwa sababu unagusa hasa kilio cha familia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha picha za ubongo za watu 109, wengi wao wazee wasio na upungufu wa uwezo wa akili na wengine wakiwa nao. Picha hizo zinaweza kuonyesha amiloidi, tau, na pia maikroglia waliowaka. Dalili za kitabia, na hasa wepesi wa kukasirika, zilifuatana zaidi na maikroglia kuliko na amiloidi au tau. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba kimoja kinazaa kingine, na watu 109 si wengi. Lakini jambo lingine walilolikuta ni kwamba pale inflamesheni ilipokuwa kali, wanaowauguza nao walikuwa wameelemewa zaidi. Binti anayemwogesha baba asiyetaka kuguswa hana haja ya picha kuujua ukweli huo.

Na haya yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Mgonjwa aliyempa daktari Alois Alzheimer umaarufu, Auguste Deter, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Dalili ya kwanza iliyoandikwa juu yake si kusahau. Ilikuwa wivu: alianza kumshuku mumewe. Alipofariki mwaka 1906 Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaeleza marundo na nyuzi zilizosokotana, na akaandika pia kwamba glia, seli zinazozizunguka neva, zilikuwa zimebadilika na kutoa nyuzi nyingi. Shuku ilikuwepo, na glia iliyochafuka ilikuwepo. Sisi tuliofuata tukashika marundo, nyuzi na kumbukumbu, na kuyaacha haya mengine kwa miongo mingi.

Mtu atauliza: kama ni inflamesheni, si tumpe dawa za kuipunguza? Swali ni la haki, na linajibiwa vibaya kila siku kwenye maduka yetu ya dawa, ambako diklofenaki na predinisoloni hupatikana kama njugu. Jibu ni hapana. Majaribio ya naproksini na dawa za jamii yake kwa watu wenye Alzheimer hayakuleta nafuu. Predinisoni, ndugu wa predinisoloni, ambayo hupunguza inflamesheni kwa nguvu sana, ilijaribiwa kwa wagonjwa 138 na matokeo yake kutolewa mwaka 2000: kumbukumbu haikupona, na tabia za waliopewa dawa ziliharibika zaidi kuliko za wenzao. Sababu moja ni kwamba maikroglia si adui. Ukiwanyamazisha wote umemwondoa na anayefagia. Sababu nyingine ni ya wazi kwa daktari yeyote: predinisoloni yenyewe hukosesha usingizi na kuchangamsha akili vibaya, na diklofenaki kwa mzee hutoboa tumbo na kuchosha figo. Ninachokitaka mimi si kuuzima moto wa kichwani kwa kidonge. Ni kuuondoa ule wa mwilini unaoumwagia mafuta.

Wengine wanaona suluhisho ni kumlaza. Hapa nitasema bila kuzunguka: haloperidoli na ndugu zake si dawa za ukali wa mzee mwenye demensia, ila pale tu ambapo kuna hatari ya kweli kwa maisha na njia nyingine zimeshindwa, kwa dozi ndogo, kwa siku chache. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia majaribio ya dawa mpya za kundi hili: hatari ya kifo ilikuwa mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi dawa kongwe, haloperidoli ikiwemo. Kwa wenye demensia ya Lewy, wale wanaoona watoto au wanyama chumbani na kutembea kwa kukakamaa, dozi moja inaweza kumgandisha mtu. Vidonge vya usingizi navyo humwangusha mzee, humkausha, na humfanya apaliwe. Hata Piriton, ambayo kila nyumba inayo, huzuia asetilikolini, kemikali ileile ambayo Alzheimer imeshaipunguza ubongoni. Nimewahi kuona kuweweseka kwa wiki mbili kukaisha kwa kuacha dawa ya mafua.

Upande wa pili kuna kosa ambalo sisi wahudumu wa afya tunalipenda, na ni lazima nilitaje: kupima mkojo, kukuta bakteria, na kusema "ni UTI". Wanawake wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Kipimo chanya kisicho na homa, maumivu ya kukojoa, au dalili nyingine ya mwili hakijaeleza kitu, na antibiotiki tunayoitoa hapo hutufanya tuache kutafuta. Ni hivyohivyo na kipimo cha taifodi kinachokuwa chanya kwa nusu ya mtaa. Na kinyume chake, mzee anaweza kuwa na nimonia kamili bila homa hata kidogo. Kukosa joto si ushahidi wa uzima.

Yule mama nilimwamkia, nikamsogelea upande wa sikio linalosikia, nikamwomba afungue kinywa. Chini ya gego lililovunjika zamani, ufizi ulikuwa umevimba na usaha unatoka. Uji wa moto ulikuwa unamchoma kweli. Mtu mwenye kumbukumbu angesema jino linauma. Ubongo wake haukuweza tena kuunganisha jino, uji na maumivu, na huku saitokini za jipu lile zikizidi kuuvuruga, ukatengeneza maelezo yaliyowezekana: wananipa kitu kibaya. Jino likang'olewa, akapewa antibiotiki, parasetamo kwa saa zake, maji kidogokidogo, na vidonge vya usingizi vikaachwa. Siku ya nne alilala usiku mzima. Wiki ya pili habari za sumu zikaisha. Lakini hakurudi alipokuwa Ijumaa ile. Jina la mjukuu yule aliyepigwa kofi lilikuwa limeondoka, na halikurejea. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa: kila moto huondoka na boriti moja.

Maumivu peke yake yana nguvu kuliko tunavyodhani. Huko Norway, katika makazi 18 ya wazee, watafiti waliwagawa watu 352 wenye demensia na fadhaa. Nusu walipewa tiba ya maumivu kwa hatua kwa wiki 8, wengi wao parasetamo tu, na nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Fadhaa ilipungua kwa asilimia 17 kwa waliotibiwa maumivu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Parasetamo ipo katika kila zahanati yetu.

Basi kabla ya kidonge chochote cha kutuliza, ninaomba mambo yafuatayo yafanyike, na mengi hayahitaji maabara. Uliza imeanza lini. Tazama kinywani. Bonyeza tumbo chini ya kitovu, maana kibofu kilichojaa mkojo usiotoka humfanya mtu awe kama mwendawazimu, hasa mwanamume mwenye tezi dume. Uliza choo kikubwa cha mwisho kilikuwa lini. Mgeuze utazame mgongo na visigino. Sikiliza kifua. Pima sukari na malaria. Uliza kama alianguka mwezi huu, hata kama alinyanyuka akatembea, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu. Mwaga mfuko wake wa dawa mezani, zikiwemo za mitishamba. Kwa yule ambaye demensia yake imekwenda mbio ndani ya miezi michache, pima VVU na kaswende, kwani vyote viwili huwasha ubongo na vyote vina tiba. Na ukishamaliza yote hayo bila kupata kitu, kumbuka kwamba si kila ukali ni inflamesheni. Mzee anayevuliwa nguo na mtu asiyemtambua ana haki ya kupigana.

Kuna watakaosema haya ni ya Ulaya, kwamba kwetu demensia ni chache. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima nyumba kwa nyumba watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo ya mwaka 2013 yalikuwa kiwango cha asilimia 6.4, karibu sawa na nchi tajiri. Wagonjwa wapo. Wengi hawana jina la ugonjwa wao, na wengine wamepewa jina baya kuliko ugonjwa. Usukumani na Kilifi tumezika wazee walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu na nywele nyeupe. Bibi anayetoka usiku akizungumza na marehemu, anayewatuhumu wakwe, katika kijiji chenye hofu, hajapata dalili tu. Yuko hatarini kuuawa. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba elimu ya saitokini ni anasa ya maprofesa. Mwenyekiti wa kitongoji anayejua kwamba mzee anaweza kuweweseka bila homa anaweza kuokoa maisha ya mtu usiku huohuo.

Dirisha la wazee tulilonalo kwenye hospitali zetu limepunguza foleni. Ningependa pale pawe na muuguzi aliyefundishwa kuuliza maswali yale ya juu na kufungua kinywa cha mgonjwa, na daktari wa meno apatikane siku hiyohiyo. Kwa familia ninaomba daftari la shilingi mia tano: siku, saa, alichokula, choo, usingizi, dawa, na alichokifanya kisicho cha kawaida. Sisi madaktari tunamwona mgonjwa dakika kumi. Daftari linakaa naye.

Mwanamume yule alilinunua siku ileile. Aliporudi baada ya wiki mbili alinionyesha ukurasa wa kwanza, ambao aliuandika kwa kukumbuka nyuma, na mwandiko wake ulikuwa mdogo, wa kubanana. "Mama anashika shavu la kushoto akila. Tangu mwezi wa Ramadhani." Kutoka Ramadhani hadi Jumamosi ile ilikuwa miezi mitatu.